Attack on Titan kwenye PS4: nimnunulie kijana toleo lipi kati ya haya matatu?

Mama Mdogo wa Pasua (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri katika jambo ambalo silifahamu vizuri, kwa kuwa mimi si mchezaji wa gemu, na hapa nyumbani padi hushikwa na watoto wa dada yangu ninaoishi nao. Mkubwa ana miaka 14 na yuko kidato cha pili, nami nimemwahidi kwamba akimaliza mtihani wa taifa mwezi Novemba nitamnunulia gemu moja atakayoichagua mwenyewe. Amechagua Attack on Titan, inayotokana na ile katuni ya Kijapani ya majitu yanayokula watu, ambayo yeye na rafiki zake wameitazama mpaka mwisho wa msimu wa kwanza.

Tatizo ni kwamba nilipouliza madukani hapa Moshi, na nilipomwagiza mtu aulize Arusha, kila muuzaji alinitajia kitu tofauti. Mmoja ana Attack on Titan tu, mwingine ana Attack on Titan 2, na wa tatu ana yenye maneno Final Battle ambayo bei yake iko juu zaidi, lakini hakuna aliyenieleza tofauti zao isipokuwa kusema "hii ndiyo mpya, mama". Mashine yetu ni PS4, intaneti yetu ni ya bando la simu, na yule mdogo naye angependa kucheza pamoja na kaka yake. Ningependa kujua kama mtu anaweza kuanza na ya pili bila kuipitia ya kwanza, kama gemu hii ina hadithi ya kufuatilia au ni mapigano tu mwanzo hadi mwisho, na, kwa mlio wazazi, kama inamfaa mtoto wa umri huo.

Tafadhali msitaje yanayotokea mbele katika hadithi, kwa sababu kijana husoma humu kwa kutumia simu yangu.

Msakina (Arusha)

Shikamoo mama. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu maswali yako yanashikana, na uchaguzi wa toleo unategemea zaidi mahali alipofikia kijana kwenye katuni kuliko upya wa gemu yenyewe.

Zote tatu zimetengenezwa na studio moja ya Japani iitwayo Omega Force, iliyo chini ya kampuni ya Koei Tecmo, ambayo sisi wa zamani kidogo tunaijua kwa mfululizo wa Dynasty Warriors, michezo ambayo mtu mmoja hufyeka mamia ya askari bila kutoa jasho. Ya kwanza ilitoka mwaka 2016 na inafuata msimu wa kwanza wa katuni, huku mchezaji akiwaongoza askari wa katuni hiyo, Eren, Mikasa, Armin au Levi, kulingana na tukio lililopo. Ya pili ilitoka Machi 2018, nayo haianzii pale ya kwanza ilipoishia, bali inarudi nyuma kabisa hadi siku ukuta unaowakinga watu dhidi ya majitu unapobomolewa, inapita tena msimu wa kwanza wote, kisha inaingia msimu wa pili. Final Battle, iliyotoka Julai 2019, ni hiyo hiyo ya pili ikiwa kamili, ikiongezewa matukio ya msimu wa tatu. Kwa hiyo ya kwanza huihitaji kabisa, labda mtu akikuuzia kwa bei ya kutupa.

Jambo moja tu la kutahadhari: kwa kuwa kijana ameishia msimu wa kwanza, akiingiza diski ya pili leo atakutana na siri kubwa ya msimu wa pili akiwa ameshika padi, na nadhani atajuta. Msimu huo una vipindi 12 tu na wa tatu una 22. Avitazame vyote kwanza, likizo ya Desemba inatosha.

Kuhusu hadithi, ipo, tena imepangwa kwa namna ambayo mimi binafsi naipenda. Katika ya pili stelingi si Eren. Mchezaji anaunda askari wake mwenyewe, anamchagulia jinsia, sura na nywele, na matukio yote tunayoyajua yanasimuliwa kupitia shajara ya askari huyo, aliyekuwa darasa moja la mafunzo na akina Eren. Kati ya pambano na pambano unatembea kambini, unazungumza na wenzako, na kadiri urafiki unavyokua ndivyo unavyopata mbinu mpya za vita kutoka kwao. Sauti ni za Kijapani na maandishi ni ya Kiingereza, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa sekondari si kikwazo, na pengine litamsaidia kuliko anavyodhani.

Sasa nije kwenye mapigano, maana hapo ndipo gemu hii ilipo, na anayesema ni "kupigana tu" hajaicheza. Katika hadithi hii jitu ukilikata mkono unaota tena. Haliuawi mpaka ulikate nyama ya kisogoni. Askari wamevaa mtambo kiunoni unaofyatua kulabu mbili zenye nyaya, na gesi iliyoshindiliwa ndiyo inayowasukuma hewani. Chukua mfano wa jitu la mita 15 lililosimama katikati ya nyumba za Trost, mji mmoja wa kwenye katuni. Mchezaji mgeni huliendea kisogo moja kwa moja kwa mbele, na jitu humdaka hewani kwa kiganja, humpeleka mdomoni, naye hubaki akibonyeza vitufe kwa hofu ili ajinasue. Aliyezoea hufanya tofauti: huzunguka kwanza kwa mbali akiwa hewani, kwa kijiti cha kulia huchagua goti, hupiga kulabu hapo, hujiachia kidogo ili uzi uchore duara pana, kisha huvuta kwa gesi na kukata anapopita. Jitu hupiga goti, vumbi hutimka, kisogo hushuka, na hapo ndipo hubadilisha shabaha na kumaliza kazi kabla goti halijapona. Ukikata ukiwa na mwendo mdogo, au kwa pembe mbaya, panga hukwaruza ngozi tu na kazi yote inaanza upya.

Juu ya hayo, panga hubutuka na kuvunjika, na gesi huisha. Lazima ujue askari wa ugavi wako upande gani wa ramani, uwafuate kabla hujakwama juu ya paa na majitu mawili yakikutazama. Kijana atakumbuka jinsi gesi ilivyowatesa askari wa Trost kwenye katuni. Gemu nyingi zinazotokana na katuni za Kijapani huchukua sura za watu na kuziweka kwenye ulingo wa ngumi, lakini hii imechukua upungufu ule ule unaoifanya hadithi iwe ya kutisha, ikaufanya kuwa kanuni ya mchezo. Kwa sababu hiyo ningekushauri uchukue Final Battle.

Baba Wawili (Njiro, Arusha)

Dada yangu, naheshimu maelezo ya Msakina, ambaye bila shaka ni mchezaji hodari, lakini amelipita swali lako la mwisho kama basi lililojaa linavyokipita kituo.

Gemu hizi Marekani zimepewa alama ya M, yaani umri wa miaka 17 na kuendelea, na alama hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Watu wanaliwa. Damu inamrukia askari mpaka usoni. Utaniambia kwamba mtoto ameshayaona hayo kwenye katuni, na ni kweli, ila kwenye katuni humwona mwingine akitafunwa, ilhali kwenye gemu aliyeko kati ya meno ni yule askari aliyemuumba na kumpa jina mwenyewe. Wangu wa kwanza ana umri kama wa kijana wako, nami nilimkatalia, ingawa jirani yangu alimruhusu wake na sijaona mtoto wa jirani ameharibika. Nasema tu kwamba ni uamuzi wa mlezi, si wa muuza duka.

Pili, naomba nieleze upande ambao mashabiki hawapendi kuusema. Baada ya kulizoea hilo duara la goti na kisogo, utaligundua kuwa ndilo utakalolifanya mpaka mwisho. Majitu hubadilika ukubwa na hasira, wakuu wachache wana mbinu zao, lakini kazi ni ile ile: fika, okoa askari waliofyatua moshi wa kuomba msaada, kata, nenda kwa linalofuata. Kwa mtu mzima anayecheza saa moja baada ya kazi inapendeza, lakini kwa mtoto mwenye likizo ndefu sina hakika.

Mimi niliwanunulia wangu Dragon Ball Z: Kakarot, iliyotoka Januari 2020, ikiwa imetengenezwa na CyberConnect2, studio ile ile ya Naruto Ultimate Ninja Storm. Yenyewe ina alama ya T, yaani miaka 13 na kuendelea. Inasimulia hadithi ya Goku tangu Raditz anaposhuka duniani hadi vita vya Majin Buu, na kati ya vita unaruka juu ya mabonde, unaokota matunda, unavua samaki kwa kutumia mkia wa bandia, na ukirudi nyumbani Chi-Chi, mke wa Goku, anakupikia mlo unaokuongezea nguvu. Mama watoto, ambaye hapendi gemu hata kidogo, aliketi kutazama ile sehemu ya uvuvi akacheka mpaka machozi. Akira Toriyama, aliyeichora hadithi hiyo tangu 1984, alifariki Machi 2024, na tangu hapo watoto wangu wamekuwa wakiniuliza habari zake kuliko za wanasoka.

Mama Mdogo wa Pasua (Moshi)

Nawashukuru nyote wawili, na Msakina marahaba mwanangu. Baba Wawili, hoja yako ya damu nimeipokea kwa uzito, nami jana usiku niliketi na kijana tukatazama pamoja video ya mtu akicheza gemu hiyo. Nakiri kwamba sehemu ya kutafunwa haikunipendeza. Hata hivyo nilichokiona zaidi ni kijana akinieleza kwa nini mchezaji yule amekosea kuingia uwanja wa wazi usio na nyumba wala miti ya kupigia kulabu, na kwa nini pale ilibidi apande farasi. Dragon Ball hataki kuisikia. Anasema hiyo ni ya wakubwa wa zamani, usemi ambao naomba msiuchukulie vibaya.

Nimeamua kwamba ataipata baada ya kumaliza misimu yote mitatu, acheze sebuleni nikiwepo, na yule mdogo mwenye miaka 8 asiketi hapo. Kwa hiyo lile swali la kucheza wawili limepungua uzito, ingawa ningependa bado kulijua kwa ajili ya mbeleni. Kilichobaki ni diski. Muuzaji mmoja ananiambia nichukue Attack on Titan 2 ya kawaida iliyotumika, ambayo ni nafuu, halafu hiyo nyongeza ya Final Battle "nitaivuta tu kwenye intaneti". Je, ni kweli?

Fundi wa Mashine (Moshi mjini)

Dada, nyongeza ipo kweli, na mwenye Attack on Titan 2 anaweza kuinunua peke yake kwenye duka la mtandaoni la PlayStation. Lakini kwa hali yetu ya hapa sikushauri, na sababu si bando peke yake, ingawa kupakua mzigo wa namna hiyo kwa bando la simu kutakuumiza.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zenye duka hilo, kwa hiyo karibu kila PS4 iliyopo Moshi na Arusha inatumia akaunti iliyofunguliwa kama vile mwenyewe anaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Diski nazo zina ukanda wake. Ukiwa na diski ya ukanda wa Ulaya na akaunti ya Marekani, gemu yenyewe itacheza vizuri bila shida yoyote, ila nyongeza utakayoinunua kwa akaunti hiyo haitaitambua diski, na pesa yako itakuwa imekwenda. Wateja wanaoniletea mashine wakidhani imeharibika, kumbe ni hilo, ni wengi, na aliyewauzia huwa hakuwaeleza chochote. Kadi za malipo nazo ni kisa kingine ambacho sitakigusa.

Chukua diski ambayo kwenye jalada lake imeandikwa Attack on Titan 2: Final Battle kwa ukamilifu. Hiyo ina gemu ya pili yote pamoja na nyongeza, na utaiingiza kwenye mashine bila kuhitaji intaneti. Kama kutakuwa na masasisho, yataweza kusubiri siku mtakapokuwa na mtandao mzuri. Hakikisha pia mashine ina nafasi ya kutosha kabla hujaanza, maana PS4 hunakili gemu kwenye diski yake kuu hata kama umenunua ya kuingiza.

Kwa habari ya wawili kucheza pamoja, kwenye PS4 haigawi kioo. Wachezaji hukutana mtandaoni, kila mmoja na mashine yake, na kwa kawaida kucheza hivyo kunadai usajili wa kulipia wa PlayStation Plus. Watoto wa nyumba moja watapokezana padi, na hapo mlezi ndiye refa.

Nimwongezee Baba Wawili jambo moja kuhusu kurudiarudia, maana amesema kweli kwa upande wa hadithi lakini ameishia hapo. Final Battle ina sehemu nyingine kubwa ambayo ndiyo inayoipa uhai mrefu: unamchagua mmoja wa watu wa katuni awe kamanda, unakusanya wenzake, unajenga kambi, kisha unatoka nje ya kuta kurejesha ardhi eneo kwa eneo. Unaamua utumie rasilimali kwenye majengo au kwenye vifaa, na nani umpeleke wapi. Humo ndimo wateja wangu wengi wanapokaa baada ya hadithi kwisha. Zipo pia silaha mbili mpya ambazo sitazitaja kwa heshima ya msomaji wetu wa simu ya kuazima. Ila asitarajie mwisho wa hadithi nzima, kwa sababu ile sehemu ya mwisho ya katuni, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2020 na kukamilika Novemba 2023, haimo humo.

Msakina (Arusha)

Fundi amenisaidia sana, na Baba Wawili nakubali kwamba suala la umri nililipita mbio. Lakini la kurudiarudia bado nina neno. Mpira wa miguu nao ni kupiga teke kitu kile kile kwa dakika 90, na hakuna anayelalamika, kwa sababu uzuri wake uko katika namna ya kukipiga.

Mama, kwa kuwa kijana atasoma haya, naomba nimwachie maneno machache ya kuanzia. Kwanza, usipoteze gesi kwa kujisukuma kila mara; acha uzani wa mwili ukubebe kwenye duara, na tumia gesi wakati wa kuvuta tu. Pili, mikono na miguu ya majitu hutoa malighafi za kutengenezea panga, mtambo na ala bora zaidi, hivyo usikimbilie visogo tu kwa haraka ya kumaliza, hasa sura za mwanzo. Tatu, gemu ya pili ina darubini ya kulilenga jitu ukiwa mbali kabla halijakuona, kisha ukalishambulia kwa kushtukiza; wengi huisahau mpaka wanafika katikati ya hadithi wakiwa wamechoka. Na mwenzako akikamatwa, kata mkono uliomshika kabla hujafikiria kisogo, maana askari unayemwokoa anaweza kujiunga na kikosi chako, na kikosi kikijaa vita hubadilika kabisa.

Mama Mdogo wa Pasua (Moshi)

Ahsanteni sana. Nimempigia yule muuzaji wa Arusha, na kwa maelezo ya Fundi nimemtaka anitumie kwanza picha ya jalada, mbele na nyuma. Maneno Final Battle yapo, alama ya M ipo, na upande wa nyuma wameandika wazi kwamba ni gemu kamili pamoja na nyongeza. Ataipakia kwenye basi Jumamosi. Kijana ameshaanza kuniuliza ni wapi atapata msimu wa pili, nami nimemjibu kwamba suala hilo litafunguliwa rasmi siku atakapotoka kwenye chumba cha mtihani wa mwisho.